Pumzi Kabla ya Ukelele

Ijumaa ndiyo siku albamu mpya hutoka, na Ijumaa ile ilikuwa zamu ya bendi yangu, yaani ile iliyokuwa yangu, Jivu la Tanuru. Nilikuwa kwenye duka la mashine za kufulia, kule Hamilton, Junie amelala kifuani kwangu ndani ya mbeleko, nikisoma habari za roki kwenye simu huku nguo zikizunguka. "Nzito, chafu, na sauti mpya ya Brielle Kowalchuk inachana masikio," waliandika. Mimi hawakunitaja. Nikasoma tena, kisha nikaendelea kukunja soksi.

Nilipojifungua walimchukua Brielle aimbe badala yangu. Sikugombana nao, maonyesho hayangoji mtoto aache kunyonya. Lakini wimbo wa mwisho nilikuwa nimeshaurekodi, nikiwa na mimba kubwa, na Darcy, mpiga gitaa na fundi wetu wa sauti, aliniahidi kwamba huo hautaguswa. Hicho tu ndicho nilichotaka: Junie akikua, asikie mama yake alivyonguruma naye akiwa tumboni.

Nikavaa hedifoni, nikaruka moja kwa moja hadi wimbo wa mwisho. Gitaa likaingia, besi ikafuata, kila kitu kikanyamaza, halafu ukelele.

Wa Brielle.

Mzuri, siwezi kumnyima haki yake. Nikangoja uchungu uje, haukuja. Ilikuwa kama ganzi ya daktari wa meno: unajua jino halipo, ulimi unapapasa tu.

Darcy akaingia na theluji mabegani, ameshika kahawa mbili na boksi la donati.

"Mama Junie! Nilijua nitakukuta huku. Umeshasikiliza?"

"Nimesikiliza."

"Usinipige mbele ya mtoto."

"Nikupige na nini, soksi?"

Akakaa, akakwepa macho yangu. "Kampuni walitaka sauti moja albamu nzima. Nilitakiwa nikwambie. Niliogopa."

"Mwanamume mzima, ndevu mpaka kitovuni, unamwogopa mama anayenyonyesha?"

"Wewe ndiyo wa kuogopwa! Hata Brielle anakuogopa."

Sikucheka. Nikarudisha wimbo nyuma, wala si kwa hamu, ni vidole tu. Safari hii nikasikia kilichotangulia ukelele. Mafundi wengi wa sauti huikata ile pumzi mwimbaji anayoivuta kabla. Sisi huiacha, maana inatisha kuliko ukelele wenyewe. Na pumzi ile ilikuwa fupi, ikakatika katikati, ikavutwa tena. Ndivyo nilivyokuwa nikivuta siku zile, Junie akinisukuma mbavu kwa miguu.

"Darcy, hebu sikiliza hapa." Nikampa hedifoni.

Akasikiliza, akakunja uso. "Mbona anavuta mara mbili?"

"Si yeye. Ulibandika ukelele wake, ukasahau kufuta pumzi yangu."

Donati ikabaki hewani. "Yesu wangu! Na nimeisikiliza mpaka nimeichoka. Ngoja, leo hii naifuta, naweka nakala nyingine mtandaoni..."

"Ukiifuta nakupiga kweli."

Akaishusha donati. Mashine ya jirani ikaanza kukamua, benchi lote likatetemeka.

"Iache," nikasema. "Na uandike jina langu."

"Niandike nini sasa? Mvuta pumzi?"

"Hivyohivyo. Pumzi: Maren na Junie."

"Kampuni watauliza."

"Utawajibu, mwenye ndevu."

Akajifuta sukari vidoleni, akatoa simu, akaanza kuandika palepale, akinionyesha kila neno kama mtoto anayesahihishiwa hesabu. Nilitazama jina langu likitokea. Furaha nayo haikuja, angalau siku ile.

Alipoondoka nilipunguza sauti mpaka ikawa kama mnong'ono, nikasogeza hedifoni karibu na sikio la Junie. Gitaa. Besi. Kimya. Kisha ile pumzi, ikikatika, ikivutwa tena.

Junie akajinyoosha usingizini, mguu wake ukanigonga mbavuni.

Nikauzima wimbo kabla ya ukelele.