Kivuli Kilichobaki Darasani

Harufu ya maharagwe ilipofika darasani, Hamuza alikuwa ameshamaliza jaribio la hesabu, na wenzake walikuwa bado wanaandika majina yao. Katika shule ile ya bweni ya Malukhu, sufuria lilitosha nusu ya wanafunzi. Waliotangulia walipata maharagwe. Waliochelewa walipata mchuzi na pole. Hamuza hakuwahi kupewa pole.

Alikabidhi karatasi, akatoka mbio. Kivuli chake kilibaki kwenye dawati, kikisoma swali la kwanza kwa mara ya pili, kama Mwalimu Jamirah alivyowasihi muhula mzima. Mwalimu akakiletea karatasi na kalamu.

"Usiwe na haraka, mwanangu," alikiambia. "Onyesha njia."

Nje, Hamuza alikula juani bila kivuli. Rafiki yake Jafar alilalamika tu kwamba sasa hana pa kujikinga jua.

Kivuli kilipata tisini. Hamuza alipata kumi na mbili, na mama yake alishasema kwamba akifeli tena mwisho wa muhula, atarudi kwao Masese, ziwani, kuanika dagaa.

"Mwalimu, kivuli ni changu," Hamuza alijitetea. "Hata chakula chake nakila mimi."

"Basi kaa nacho mpaka kimalize. Mkimaliza pamoja, alama ni yenu."

Alikaa. Tumbo lilinguruma, kivuli kikamkanyaga mguu anyamaze. Kila aliporuka alama ya kutoa, kilimwekea kidole pale pale. Taratibu akaanza kuziona mwenyewe. Darasa zima likaiga, kwa kuwa vivuli vyao navyo vilikuwa vimeanza kugoma kutoka.

Mtihani wa mwisho alipata themanini na nane. Masese ikabidi itafute mwanikaji mwingine.

Mwalimu Jamirah alipeleka matokeo kwa mkuu wa shule, akaomba sufuria la pili.

Mkuu alizisoma alama kwa furaha, kisha akachungulia dirishani. Wanafunzi walikuwa wanakwenda jikoni kwa mwendo wa maharusi.

"La pili la nini, Madam?" aliuliza. "Mbona siku hizi hawakimbii?"

Hamuza alifika wa mwisho. Mpishi Romano alimmiminia mchuzi.

"Pole, bwana."

Alikwenda kukaa juani. Kivuli kilikaa kando yake na kivuli cha sahani kilichojaa maharagwe mpaka ukingoni. Hamuza alikunywa mchuzi wake. Kivuli kilikula bila haraka, kikitafuna kila punje mara mbili.