Jembe na Maua Mbele, Kijani Nyuma

Katika nchi ile, mtu wa majarida hawezi kupita mbele ya rafu ya duka mikono yake ikatulia. Ataingia kununua peremende, atatupa jicho kushoto, atatupa jicho kulia, kisha atachomoa nakala za jarida lake zilizobanwa nyuma na kuzipanga mbele, zifunike za mshindani. Wahariri wanafanya hivyo, wauza matangazo wanafanya, hata wapokea simu. Hakuna aliyewahi kushtakiwa. Wakikutana baa baada ya kazi husimuliana na kucheka.

Kwa hiyo Glenys Attwell alipolifunika jarida la Kijani kwa mara ya kwanza, mwezi wa tatu, katika duka la stesheni ya Peterborough, hakuona kama amefanya jambo. Alinunua maziwa akaenda zake kazini. Ila Kijani halikuwa la mshindani. Lilikuwa la kampuni yake mwenyewe, lilitengenezwa ghorofa moja juu ya kiti chake, na mhariri wake alikuwa Tamsin Overy, binti ambaye Glenys mwenyewe alimfundisha kazi tangu alipokuwa hajui hata kufupisha habari iingie kwenye ukurasa.

Glenys alikuwa mhariri wa Jembe na Maua, jarida la kila mwezi la watu wenye vishamba vya kukodi pembezoni mwa miji, watu wa vitunguu, viazi, na maua makubwa ya kushindania kwenye maonyesho. Aliingia pale akiwa mpiga taipu, msichana wa sketi fupi, na sasa miwani ilimning'inia kifuani kwa mnyororo. Hakujaliwa mtoto. Alikuwa na Wilf, mumewe, mtu wa posta aliyestaafu, na alikuwa na Jembe na Maua. Na Jembe na Maua lilikuwa linakufa, tena kwa sababu ya kawaida kabisa, kwamba wasomaji wake walikuwa wanakufa. Kila wiki alikuwapo mjane wa kuandika kuomba nakala ya marehemu isitumwe tena, na wengi waliongeza kwamba marehemu alikuwa akilipenda sana. Glenys aliwajibu wote kwa mkono wake.

Wakubwa wakaona dawa si kumtibu mgonjwa, ni kuzaa mwingine. Wakaanzisha Kijani, la vijana wanaopanda pilipili kwenye roshani na giligilani dirishani, lenye karatasi nene na picha za mwanamume wa ndevu aliyekumbatia kabichi kama mtoto mchanga. Hawakulipeleka nchi nzima. Walianza kuliuza katika miji michache ya jirani, kulijaribu. Giles Prentice, mkurugenzi wa majarida, alimwita Glenys ofisini akamweleza, kwa ule upole wao unaotisha kuliko ukali, kwamba kampuni ina nafasi ya jarida moja tu la bustani. Wangetoa matoleo matatu ya Kijani, wakatazama mauzo, halafu wakaamua. Hakutaja lipi lingefungwa. Uso ulikuwa umeshataja.

Glenys aliogopa, na hakuna namna nyingine ya kulisema hilo. Aliogopa asubuhi zitakazokuja, za kuamka na kutafuta sababu ya kuvaa viatu. Aliwaogopea wazee wake wanaomwandikia kurasa nne juu ya karoti na katikati ya karoti mstari mmoja juu ya mke aliyefariki. Usingizi ukampaa, chakula kikamshinda. Na mtu akifikwa na maji shingoni hachagui pa kushika. Toleo la pili la Kijani lilipotoka, ile tabia ya kuchekwa baa ilikuwa imegeuka kazi yake ya Jumamosi.

Wilf ndiye aliyeendesha. Leo Stamford na Oundle, Jumamosi nyingine Spalding, nyingine Kettering. Wilf alibaki garini na chupa ya chai na sandwichi za mayai, Glenys akaingia dukani na mkoba wake kama mteja yeyote. Mwanzoni alifunika tu. Kisha akaona kufunika hakutoshi, kwa sababu mtu mrefu huchungulia kwa juu. Akaanza kuhamisha. Alilipeleka Kijani nyuma ya majarida ya ufumaji, na safari iliyofuata akaliteremsha mpaka rafu ya chini kabisa, nyuma ya vijitabu vya mafumbo ya maneno, mahali ambapo mtu haoni kitu mpaka apige magoti. Huko Kettering muuzaji alimkuta yuko sakafuni, akamwuliza kama amepoteza kitu. Glenys akajibu hereni. Yule kijana wa watu, kwa wema wake, akapiga magoti naye wakaitafuta pamoja hereni ambayo ilikuwa sikioni.

"Leo umezika ngapi?" Wilf alimwuliza aliporudi garini siku hiyo.

"Usinianze, Wilf."

"Sikuanzi. Naona tu mama mtu mzima anatoka dukani na magoti meusi, nikajiuliza, huyu katoka kusali au katoka kuiba?"

"Wenzangu wana mabango kila kituo cha basi. Mimi nina nini? Nina mikono yangu hii miwili basi."

"Wenzako nani? Tamsin? Si ndiye yule aliyekuwa anakuja kwetu Jumapili, anakula mpaka anapangusa sahani kwa mkate? Au siku hizi hatumjui?"

Glenys alimwambia atie gari gia. Wilf akatia gia.

Mwezi wa tano Tamsin alimfuata kantini. Alikuwa amekonda, macho yamemtumbukia, na trei yake ilikuwa na kikombe cha chai tu. Alikuwa bado anamwita Glenys bosi, nusu utani nusu heshima, kama siku zote. Alimweleza kwamba hesabu za toleo la pili zimetoka na ni mbaya kuliko za kwanza.

"Ungekuwa wewe, bosi, ungefanyaje?" akasema. "Maana wanaolipata wanalipenda, wananiandikia wenyewe. Lakini madukani haliondoki. Yaani kama watu hawalioni kabisa."

Glenys alipiga funda la chai, likamchoma ulimi, akalimeza hivyo hivyo. Nafasi ya kusema ilikuwa pale mezani, kati ya vikombe viwili, na aliiona. Alijichukia tangu kabla hajafungua mdomo.

"Badilisha rangi ya jalada," akamwambia. "Hiyo yako imepoa mno, haimwiti mtu. Weka nyekundu."

Tamsin alimshika mkono akamshukuru. Toleo la tatu likatoka na jalada jekundu, na Glenys hakupata shida hata kidogo kuliona rafuni.

Juni ikafika. Nje jua lilikuwa linawaka. Ndani, kwa kuwa watu wa majarida huishi miezi mbele ya wenzao, Glenys na msanifu wake walikuwa wanapanga kurasa za maboga ya vuli. Hapo wakaitwa ukumbi mkubwa. Kila mfanyakazi wa jengo lile alijua dalili. Ukikuta mitungi ya maji mezani, boksi la tishu, na dada wa utumishi amekaa karibu na mlango, unga umemwagika. Swali ni wa nani. Glenys alipowaona Tamsin na vijana wake wamejipanga ukutani, kifua kilimfunguka, akavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Halafu akakumbuka kwamba na yeye ameitwa, na msanifu wake, na kila mtu wa Jembe na Maua.

Giles alizungumza kwa utaratibu, mikono ameifumbata. Alisema kampuni imefanya kila liwezekanalo. Ilichukua mhariri hodari, karatasi nzuri, mabango, ikapeleka madukani jarida bora kabisa la bustani ililoweza kulitengeneza, na watu wakalipita. Kama hilo halikununulika rafuni, basi hakuna jarida la bustani litakalonunulika tena rafuni, na kuliacha lile la zamani liendelee ni kuongeza siku za mgonjwa tu. Yote mawili yanafungwa. Waliolipia Jembe na Maua kwa mwaka mzima wataletewa badala yake jarida la kupamba nyumba, na Glenys aliombwa awaandikie wasomaji tangazo lenye furaha, kwani ndivyo ilivyo desturi ya biashara ile, jarida likifa wasomaji huambiwa kuna habari njema.

Glenys alisikia yote. Alielewa kabla watu hawajaanza kulia ni nini kilichotokea na ni nani aliyekifanya. Alimkimbilia Giles koridoni, akaingia naye ofisini, akafunga mlango.

"Giles, hizo hesabu si za kweli. Kijani halikupitwa na watu. Mimi nililificha."

Giles alimtazama, kisha akacheka kidogo, bila ubaya. Akamwambia aende nyumbani apumzike, kila mtu anafanya hivyo, yeye mwenyewe alipokuwa kwenye jarida la pikipiki aliwahi kupigwa marufuku duka zima.

"Si kama mimi," Glenys akasema. "Mimi nilikwenda kila Jumamosi. Miji yote mliyokuwa mnalijaribu. Nililiweka chini kabisa, mtu asilione mpaka apige magoti."

Kicheko kikaisha. Giles alitazama mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Mume wangu."

"Basi liishie kwake. Bodi imeshaamua, Glenys, na mimi mwenyewe Ijumaa naondoka, hilo hawakuwaambia. Unataka nipande juu nikawaeleze nini? Kwamba jaribio lao lote limeuliwa na bibi mmoja na gari la mumewe? Hawataniamini. Na wakiniamini ndiyo kabisa watafunga, waone aibu yao imefukiwa."

Alimfungulia mlango kwa adabu zote. Glenys alijikuta kwenye ngazi, akapanda badala ya kushuka.

Ghorofa ya juu watu walikuwa wameshatawanyika, wengine wamekwenda baa kama ilivyo ada. Tamsin alikuwa peke yake, anabandua picha ukutani moja moja na kufinyanga vipande vya gundi vilivyozishikilia. Macho yalikuwa mekundu lakini alijikaza kutabasamu. Alisema samahani. Alisema anajisikia vibaya kwamba kushindwa kwake kumemponza na bosi wake, na kwamba kama angefanya kazi vizuri zaidi angalau moja lingepona.

Glenys hakuweza kusikiliza zaidi ya hapo.

"Hukushindwa," akasema. "Aliyekuwa analificha jarida lako madukani ni mimi."

"Bosi, kila mtu anaficha. Hata mimi nimewahi..."

"Hapana, Tamsin. Sikiliza. Kila Jumamosi, mji kwa mji. Stamford. Oundle. Kettering. Nililitupa rafu ya chini nyuma ya mafumbo. Na ile rangi nyekundu nilikwambia nikijua haitakusaidia."

Tamsin aliweka picha mezani taratibu. Glenys alingoja atukanwe. Alitaka kutukanwa, angefarijika. Tamsin aliuliza neno moja tu, kwa sauti ndogo.

"Spalding pia?"

"Spalding pia."

Tamsin akakaa. Mama yake anaishi Spalding, akasema, na ni mtu wa miguu mibovu. Toleo la kwanza lilipotoka alivaa koti lake zuri akaenda dukani kununua jarida la mwanawe, akapiga simu kusema hakuliona. Tamsin akamwambia atazame vizuri. Toleo la pili akaenda tena, akasema halipo. La tatu, mwezi huu, akapiga simu akasema hivyo hivyo, halipo, na Tamsin, akiwa na hesabu mbaya mezani na hajalala, alimwambia mama yake aache kumdanganya. Alimwambia hujaenda hata mara moja, hukutaka tangu mwanzo niiache kazi ya ualimu, sema tu hujaenda. Mama alikata simu, na tangu siku ile hawajasemezana.

"Nimemwita mama yangu mwongo," Tamsin alisema.

Glenys alisema maneno ya kuomba radhi. Yalitoka hovyo, hakumaliza hata sentensi. Tamsin alikuwa ameshachukua simu yake na anabonyeza namba. Glenys akageuka aondoke, kumpa nafasi.

"Kaa hapo," Tamsin akamwambia. "Mimi sitamweleza. Utamweleza wewe."

Akamtilia simu mkononi. Glenys aliiweka sikioni. Ilikuwa inaita. Alijaribu kupanga aanze na nini, jina lake, au samahani, au Jumamosi, na kabla hajapanga simu ikapokelewa, na sauti ya mama mtu mzima anayehema ikaanza kusema bila kungoja salamu.

"Tamsin? Ni wewe? Afadhali umepiga, mwanangu, nilikuwa naogopa kukupigia. Nimelipata. Leo nimelipata, la jalada jekundu. Lilikuwa chini kabisa, ilibidi nipige magoti, nikashindwa kuinuka mpaka wakaja kuninyanyua watu wawili. Ni zuri mno, mama. Nimeyanunua yote waliyokuwa nayo. Tamsin? Mbona husemi?"