Shemeji wa Qatar

Darasani kwetu, ukisema unataka kuwa daktari wa magonjwa ya akili, unaulizwa kama uliangushwa ukiwa mtoto. Kila mtu anataka upasuaji wa moyo, hata wale wanaotetemeka mikono wakishika sindano. Theuri, mchumba wangu, ndiye aliyeongoza kwa mizaha. "Hiyo ni kazi ya watu wanaogopa damu," alikuwa akisema, na darasa zima likicheka. Nilimpenda hivyo hivyo, mjinga mimi.

Siku ya ruracio, akiwa njiani na jamaa zake kutoka Endarasha kuleta mbuzi wa mahari, alinipigia simu.

"Wazee wakiuliza, sema unaenda surgery. Leo tu, Ngendo. Ukisema ile ingine, ati watafikiria kwenu kuna wazimu."

Kwetu Gakindu ulikuwepo. Shangazi yangu, tata Wakiuru, aliyenilea pamoja na mama, husikia sauti asipomeza dawa. Akimeza, hakuna anayempita kwa chapati Mukurweini nzima. Lakini wazee huchunguza ukoo kabla ya kuoana nao: kuna wezi? Kuna wachawi? Kuna wendawazimu? Kwa hiyo mama alikuwa amemficha kwa jirani.

Walipofika na kukaribishwa chakula, Mzee Gathogo, msemaji wao, alipangusa mafuta midomoni. "Sasa huyu msichana yetu atakuwa daktari ya nini?"

Theuri alinikodolea macho. Nilifungua mdomo niseme upasuaji, kisha nikamwona mzee aking'ang'ana na chapati ya mama. Hasira zikanipanda.

"Wa akili," nikasema. "Na kwetu kuna mgonjwa. Ni tata Wakiuru. Amefichwa kwa Mama Shiro, ndiyo maana mnatafuna chapati ngumu hivyo."

Mama alishika kichwa. Nikajua harusi imekwisha.

Ndipo mama yake Theuri akauliza, kwa sauti ndogo, "Na mtu akikataa dawa, unaweza kumsaidia?"

"Nani, mama?"

Alitazama gari lao pale langoni. "Kihara. Hatungemwacha nyumbani peke yake."

Kihara ni kaka mkubwa wa Theuri. Tangu tujuane, niliambiwa yuko Qatar. Bingwa wa mizaha sasa alikuwa akitazama viatu vyake. Nilimhurumia, na nilitaka kumzaba kofi.

Nilienda nikafungua mlango wa gari. Alikuwa amekaa kwa adabu, suti imepigwa pasi, tai imekaa sawa.

"Karibu kutoka Qatar, shemeji."

"Asante," akasema. "Nyama imebaki?"