Kiti Kilichotazama Ukuta

Baa ile ilipata kibali cha kusafiri; Kerubo hakupata. Baa ilikuwa ya Uingereza, ya enzi za farasi. Ilipokaribia kubomolewa, tajiri mmoja aliing'oa ubao kwa ubao na kioo kwa kioo, akaipakia melini, akaisimamisha upya ndani ya hoteli huku Doha. Hata madoa ya glasi kwenye kaunta yalikuja nayo. Meneja wake, Fiona, Mwingereza mwenye macho ya kipanga, alitundika mlangoni picha ya baa ilivyokuwa kwao, na sheria yake ilikuwa moja: kila kitu kikae kama kwenye picha. Kwa hiyo mfanyakazi wa usafi, kama Kerubo, haketi humo. Akiketi, kazi imekwisha.

Kerubo alikuwa akizipangusa mbao hizo babake alipofariki nyumbani Kisii. Aliomba ruhusa akazike, kampuni iliyomwajiri ikamwambia asubiri Ramadhani ipite. Kana kwamba maiti husubiri! Basi akazikiwa baba, naye anatazama kwenye simu, picha ikigandaganda.

Nyumbani kwao mzee akifa, kiti chake hugeuzwa kikatazama ukuta, na mjane hulala sakafuni. Mzaliwa wa kwanza ndiye huketishwa kitini na mtu mzima, na hapo tu ndipo matanga huanuliwa. Mzaliwa wa kwanza ni Kerubo.

"Dada, mathe bado analala chini na mgongo inamuua," mdogo wake Tevin alimwambia kwa simu. "Wazee wamekubali utafute kiti huko huko, mtu mzima akuambie ukae. Lakini si kwa simu. Hiyo wamekataa kabisa."

Kiti! Chumba chao mtaani Fereej Bin Mahmoud kilikuwa na vitanda vya ghorofa tu, na wenzake, wanawake wema, hawakujua Kiswahili wala yeye hakujua chao. Winfred, Mkenya pekee aliyebaki naye karibu, alikuwa akifanya kazi za nyumbani Al Wukair, nje ya jiji, na siku ya kutoka hakuwa nayo. Upweke alikuwa ameuzoea. Mama kulala sakafuni kwa sababu yake, hilo halikuzoeleka.

Mwezi mzima wa mfungo baa ilifungwa, akawa humo peke yake. Karibu na meko kulikuwa na kiti cha mikono, ngozi yake imechakaa pale walipoegemea wazee wa watu. Alikigeuza kikatazama ukuta. Alinuia kumwomba Fiona amketishe, na kila siku walipopishana kwenye korido za hoteli ulimi ulimsaliti.

Asubuhi ya Idi, baa ikiandaliwa kufunguliwa, Fiona aliingia, akatazama picha, akatazama kiti.

"Nani amekigeuza?"

"Mimi, madam."

"Kwa nini?"

Kerubo alikuwa amekipanga Kiingereza chake tangu alfajiri. Kikayeyuka chote, likabaki neno moja.

"Baba."

"Baba amefanya nini?"

"Amekufa."

Fiona alikishika kiti, akakirudisha mahali pake na kukisogeza mara mbili hadi kikalingana na picha. Kisha akamtazama Kerubo, aliyekuwa akitetemeka, tambara mkononi.

"Keti," akasema. "Keti kabla hujaanguka." Akatoka kumletea maji.

Kerubo akaketi. Akalia kwa sauti, kilio alichokuwa amekifungia tangu mazishi, kisha akampigia Tevin.

"Nimeketishwa."

"Ameketishwa!" Tevin alipaza sauti. Kerubo akasikia kiti kikiburutwa, shangazi zake wakipiga vigelegele, na mtu akisema, "Pole pole, mshikeni mkono, inuka mama." Akasikia mama akicheka na kulia. Alitaka kusema naye, akaita mara mbili, lakini simu ilikuwa imewekwa mahali ikasahaulika. Sauti zikasogea zikaelekea nje, kwenye chakula, na mwishowe laini ikakatika.

Fiona hakuwa amerudi. Viti vyote vilikuwa vitupu. Kerubo akainuka, akakipangusa kiti pale alipoketi, kikawa tena kama kwenye picha.