Aliniambia Nisimfuate

Hindu alitoka nyumbani kwangu mchana, begi mkononi, buibui amelivaa upande kwa hasira, na neno lake la mwisho mlangoni lilikuwa hili: "Usinifuate." Basi sikumfuata. Malindi nzima imenilaumu kwa hilo, kuanzia muuza kahawa mpaka imamu, na hadi leo huwauliza wote kimoyomoyo: mtu akikwambia usifanye, ukafanya, hiyo ndiyo heshima?

Kilichomtoa nakijua. Mimi ni fundi wa mafriji, na mke wangu alikuwa akiuza barafu za ukwaju. Friji yake ilikuwa na mvumo mmoja mwembamba ambao yeye hakuusikia kabisa, na mimi ulinipenya mpaka kwenye meno. Asubuhi ile niliifungua niinyamazishe. Nikahitaji bisibisi, nikatoka kuitafuta, njiani nikasikia feni ya jirani inakwaruza, nikaifungua nayo, na kutoka kwenye feni nikaingia kwenye redio. Niliporudi, barafu zote zilikuwa maji sakafuni, nazo zilikuwa za arusi ya binamu yake, jioni ileile.

Haikuwa mara ya kwanza. Paa la jiko letu nilikuwa nimelibomoa mwaka uliotangulia na sijalimaliza. Wageni wakija, kelele zikinizidi, niliinuka katikati ya mazungumzo nikaenda kulala bila kuaga, naye akabaki kuniombea radhi. Alikuwa amechoka, maskini, na haki yake.

Kwetu mke akisusa akaenda kwao, mume huacha hasira zipoe, kisha humchukua mtu mzima mmoja, sukari, majani ya chai na leso, akaenda kuketi kwa wakwe asemwe. Husemwa, huinamisha kichwa, hunywa chai, hurudi na mkewe. Mila hiyo naijua vizuri. Lakini nilidhani hao wanaofuatwa hawakukataza kufuatwa, na wangu amekataza kwa kinywa chake. Nilikuwa na hamu naye hata nikawa nalala jikoni, chini ya paa bovu, kwa kuwa chumbani kulibaki harufu ya udi wake. Niliamini kuwa ninamtii.

Baada ya Idi baba yake, Mzee Muhidin, alituma watu kutoka Ngomeni. Waliniuliza namtaka au simtaki, na kama simtaki nimwache. Nikawajibu kwamba yeye ndiye asiyenitaka, na akitaka talaka sitamzuia. Nikatoa moja. Hata hapo njia ilikuwa haijafungwa, maana katika miezi ya eda ningeweza kumrejea. Shangazi yangu Swabra alikuja kunikaripia mpaka sauti ikamkauka. Nilimwambia kwamba Hindu hajabadilisha neno lake. Akavaa viatu vyake akaenda zake.

Mwaka huu niliitwa Kilifi kutengeneza friji ya dawa katika zahanati moja. Nikaiacha wazi nikateremsha saa ya ukutani, kwa sababu mlio wake ulikuwa unanitia wazimu. Daktari Zipporah alinikuta nimekaa chini, vyuma vya saa vimenizunguka. Hakugomba. Aliniuliza nilikuwaje shuleni, nakaaje na watu, sauti huzisikiaje, akaniambia nirudi siku nyingine kama mgonjwa wake. Nilirudi mara kadhaa. Mwishowe akanieleza kwamba nina usonji, na pamoja nao ile hali ya akili kutotulia mahali pamoja, ambayo wao huiita kwa herufi za Kizungu. Nimezaliwa nazo zote mbili, nikazeeka nazo bila kuzijua. Akasema watu wengi husema jambo wakikusudia jengine, na wenzao hulidaka bila kufundishwa, lakini mimi hulishika kama lilivyosemwa.

Nikamuuliza, na mke akisema usinifuate? Daktari aliweka kalamu chini. Kisha akauliza ilikuwa lini. Nililia njia nzima kurudi Malindi, na sikumjali aliyenitazama.

Hivyo ndivyo nilivyofika Ngomeni na shangazi, sukari, majani ya chai na leso, nimechelewa miaka. Mzee Muhidin alitukaribisha kwa adabu zake zote. Nilieleza kila kitu, friji, saa, daktari, na jina la hali yangu, wala hakuna aliyenikatiza. Hindu alikuwa akisikiliza nyuma ya pazia. Nilipomaliza alitoka, akaketi kando ya babake.

"Eda nzima begi langu lilikaa nyuma ya mlango huu," alisema. "Na baba kila alasiri alitoka kukaa barazani, ili ukija usione haya kupiga hodi."

Nilimwambia sikujua. Akasema sasa anajua kuwa sikujua, na hilo ndilo linalomuuma zaidi, kwa sababu amenichukia bure.

"Nikufuate sasa?" nilimuuliza. "Niambie wazi, Hindu, nisije nikakosea tena."

Shangazi alinifinya goti. Mambo hayo hayaulizwi hivyo mbele ya baba mtu. Hindu alicheka kidogo, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, halafu akaketi sawasawa akanitazama usoni.

"Hapana, Faiz. Nimeposwa, nimekubali, na moyo wangu umetulia. Sikasiriki, sisusi, wala sikupimi. Usinifuate."

Nilimshukuru, na shukrani yangu ilikuwa ya kweli. Katika umri wangu wote hakuna aliyewahi kusema nami wazi namna ile. Sukari na leso tuliziacha pale, nikanywa chai yangu yote kama inavyopasa, nikaaga kila mmoja kwa jina lake, jambo ambalo Hindu alinihimiza miaka yote, nami sikulifanya hata mara moja. Laiti siku ile mlangoni angaliniambia hivyo hivyo, kwa uwazi, kwamba nimfuate. Ningalifika Ngomeni kabla yake.