Nyumba Saba za Dirma

Nikolausi alijifunza kuchora kwa padre mmoja aliyekuwa akipamba kuta za kanisa karibu na kwao Mogitu. Padre aliporudi Ulaya, mwaka 1938, alimwachia brashi nne na makopo ya rangi ya mafuta. Kwa miaka mingi Nikolausi aliishi kwa kuandika vibao vya maduka Katesh, lakini alichopenda ni kuchora mahali: Mlima Hanang mvua ikiisha, barabara ya Katesh siku ya mnada, mabati yaking'aa juani. Alichora kwenye kitambaa cha marekani kilichowambwa kwenye fremu, na Mama Sauda, mjane mwenye duka, akamruhusu kutundika picha zake juu ya magunia ya chumvi.

Hapo ndipo Mzungu mmoja alipoziona, mwaka 1952. Akaagiza picha kubwa ya uwanda wa Dirma.

Nikolausi alikaa Dirma wiki tatu kwa Mzee Gidahosh, mfugaji, aliyempa pa kulala na maziwa kila asubuhi. Jioni mzee alisimama nyuma yake akitazama. Alitambua nyumba yake, ya mdogo wake, na za majirani, zote saba. Alipoliona dume lake jeusi la ng'ombe alicheka kidogo.

Mzungu hakucheka. Alisema picha ni nzuri ila nyumba na ng'ombe vinaiharibu. Anataka nyasi tu. Nikolausi alijiambia kwamba kila mchoraji huacha hiki na kuongeza kile. Akachanganya rangi ya nyasi kavu, akavifunika vyote. Haikumchukua hata nusu siku.

Miezi miwili baadaye paliitishwa baraza Katesh. Mzungu yule alikuwa ameomba shamba la ngano Dirma, na afisa wa serikali kutoka mbali alikuja kusikiliza. Picha ilitundikwa ukutani. Mzungu akaeleza kwamba eneo lile halina watu. Wafugaji walipinga, lakini afisa aliitazama picha zaidi ya alivyowatazama wao.

Gidahosh alikaa mbele. Aliipitia picha kwa macho kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha akageuka akamtazama Nikolausi, aliyekuwa amekaa nyuma. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyepotea njia.

Nikolausi akasimama.

"Nyumba zilikuwepo," alisema. "Mimi ndiye niliyezifunika."

Afisa alitaka ushahidi. Nikolausi akaomba kisu, akakwangua taratibu ile rangi ya juu. Paa la kwanza likatokea, halafu la pili, halafu mgongo wa dume jeusi.

Afisa aliahirisha uamuzi, akaenda Dirma mwenyewe. Mwishowe Mzungu alipewa sehemu ya kusini tu. Nyumba mbili zilihamishwa, tano zikabaki. Watu walimsifu Nikolausi kwa zile tano. Yeye aliwaza zile mbili. Mama Sauda alimwambia wazi kwamba alipaswa kukataa mapema, Mzungu alipotaka nyasi tu, asingoje baraza.

Alikwenda Dirma kuomba radhi. Gidahosh aliitikia shikamoo yake, akamwacha amesimama.

"Ulipokuwa unazifunika, ulinikumbuka?"

"Hapana, mzee. Niliwaza rangi tu."

Gidahosh akasogea, akampisha aingie ndani.

Wazungu wa mashamba hawakumpa kazi tena. Alirudi kwenye vibao, na alipopata nafasi alichora miji: Katesh, Mbulu, Dongobesh. Lakini sasa, kabla ya kushika brashi, alipita kwanza nyumba kwa nyumba akisalimia na kuuliza nani anaishi pale na tangu lini. Watu wengine walimdhani mkusanya kodi, wakafunga milango, naye akarudi kesho yake. Picha ya Dongobesh peke yake ilimchukua miezi minne.