Sungura wa Mama Boga

Enzi hizo wanyama wa katuni walikuwa vijiti vitupu: miguu mirefu, pua ndefu, na nyuso za walinzi waliokosa usingizi. Mkuu wa studio ya katuni alijivunia sana viumbe vyake. Watoto wakiviogopa, kwake hilo lilikuwa tatizo la watoto.

Aliyevuruga mambo ni Mama Boga, mchoraji wa meza ya dirishani. Boga ni binti yake wa miaka mitano, aliyebandikwa jina hilo na wenzake mtaani kwa sababu ya kichwa. Kilikuwa kikubwa kweli, tusidanganyane. Paji lilikula nusu ya uso, macho makubwa yakateremka mpaka jirani na kipua, na mashavu yakajaa tele. Mtoto alikuwa amegoma kutoka nje kucheza, na mama yake alichoka kumbembeleza.

Basi alipoagizwa sungura, akamchora sungura mwenye kichwa kilekile.

"Hivi umelewa?" mkuu akamaka. "Kichwa kinalingana na kiwiliwili! Kipunguze, la sivyo tafuta kazi kwingine."

Kazi ile ndiyo iliyowalisha yeye na mwanawe. Alishika kifutio, akamtazama sungura, mkono ukagoma. Kukipunguza kichwa kile ilikuwa ni kukubaliana na mtaa mzima.

"Sipunguzi, bosi. Waonyeshe watoto kwanza. Wakimkimbia, naondoka mwenyewe."

Wakaitwa watoto wa wafanyakazi, wakaketi sakafuni mbele ya ukuta mweupe uliomulikwa filamu. Sungura wa zamani alipita, watoto wakajivuta nyuma. Akaja mpya, akajikwaa, akakaa kitako, akainua yale macho.

"Jamani, kaanguka!" mmoja akapiga kelele, na wote wakaukimbilia ukuta kumwinua.

Boga alichungulia kutoka nyuma ya sketi ya mama yake. "Mama, huyo ana kichwa changu."

"Ndicho chenyewe, mwanangu," mama akajibu, chumba kizima kikasikia.

Wiki hiyohiyo mkuu aliagiza paka, dubu, hata garimoshi, vyote kwa kipimo cha Boga. Mtoto akawa anaitwa studio, wachoraji wenye mvi wanampima kwa rula huku ameketi kama malkia. Mama yake alikuwa akiona fahari mpaka machozi yanamlenga.

Siku moja Boga alimsimamia mkuu mwenyewe, mikono kiunoni, akamkagua akichora tembo.

"Mjomba, hapo umebana. Ongeza kichwa."

Mkuu akaongeza.